Yule Mrefu wa Kwenye Kontena

Kazi yangu, kwa wasioijua, ni kuongea juu ya filamu. Simaanishi kuzichambua. Runinga inawaka, Wazungu au Wakorea wanafungua midomo, nami nimekaa pembeni na maikrofoni nawapa Kiswahili cha kusema. Garsen nzima inaniita Dijei, na wapo waliosahau kwamba nilipewa jina na wazazi wangu. Banda letu ni la mabati, liko nyuma ya maduka, lina mabenchi, runinga moja kubwa, na feni mbili zinazosukuma joto kutoka upande huu hadi upande ule. Miaka mingi nimekaa kwenye kiti kile. Nasema haya kwa maringo kidogo kwa sababu huko mbele ya habari hii sina cha kuringia, kwa hiyo niacheni nianze na kidogo nilicho nacho.

Siri ya kazi yenyewe si kujua lugha. Zipo filamu nimezitafsiri na sijui hata neno moja la wanachosema. Nasoma yale maandishi ya Kiingereza yanayokimbia chini, yakinipita nabuni. Siri ni kumpa kila mtu kwao. Askari wa Ulaya nampa sauti ya chifu. Daktari namfanya nesi wa zahanati asiyetaka kusumbuliwa. Mlevi kila mara ni Mgiriama mwenzangu, na sauti ni ya mjomba wangu mwenyewe, mgema wa miaka yote. Mjomba alikuwa akija kujisikiliza. Anacheka mpaka anakohoa, halafu anawaambia walio karibu naye, “Huyo ni mimi.” Hakuna aliyewahi kulalamika, nami nikaamini kwamba maadamu nawacheka wa kwetu, nina ruhusa ya kumcheka yeyote.

Rafiki niliyemkosea ni Mworma, mfugaji, rika langu. Tulijuana kwa sababu ya shamba la mama. Sisi ni watu wa kuja. Babu yangu alitoka kusini na jembe lake akapewa mahali pa kulima kando ya Tana, upande wa Tarasaa, na mama bado analima pale. Ubavuni mwa shamba hilo inapita malka. Malka ni neno la Kiorma, lakini sote wa mtoni tunalitumia: ni ile njia iliyoachwa katikati ya mashamba ili mifugo ishuke majini. Mvua zikiwapo hakuna anayeikumbuka. Kiangazi kikishika, ng'ombe wanaletwa kutoka bara, na malka ndiyo uhai wao.

Kuna adabu yake. Mchungaji hapiti kimya kama mwizi. Anasimama mdomoni mwa malka, anaita wenye mashamba, anangoja ajibiwe. Rafiki yangu alikuwa na namna yake ya kuita, ile ile tangu tulipokuwa vijana.

“Wenyewe! Mimi iko hapa. Mimi na ng'ombe tu. Naomba njia.”

Mama angeinuka katikati ya mahindi, mkono kiunoni, ajibu, “Pita, mwanangu! Lakini yule dume wako mlafi mshike!” Halafu wanapita, vumbi linatulia, na jioni kunaletwa kibuyu cha maziwa ambacho hakuna aliyekiomba. Nimelisikia ombi hilo kiangazi baada ya kiangazi. Nililijua kama ninavyoijua sala ya chakula, mpaka pale anapovuta pumzi baada ya neno ng'ombe. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kukamata maneno yaliyo karibu, kama cha wengi wa huku ambao nyumbani wana lugha yao. Ni lugha yake ya tatu. Ya kwake mimi nilikuwa na neno moja, malka, na hata hilo nililipata bure.

Alipenda filamu kuliko mtu yeyote ninayemjua. Akiwa Garsen kuuza mbuzi hakosi kupita bandani. Anaiacha fimbo yake nje, anakaa benchi la tatu, na filamu ikiisha ananingoja ili aniulize maswali. Kwa nini yule hakukimbia? Yule mama alijuaje? Wengine wote walikuja kucheka. Yeye alikuja kujua ilivyokwisha.

Basi kiangazi kimoja, miaka michache tu nyuma, nikaletewa flashi kutoka Malindi, na ndani yake mlikuwa na filamu ambayo sijawahi kuona ya bei rahisi kama hiyo. Watu sita wasiojuana wanaamka ndani ya kontena. Hawajui nani aliwatia mle. Sauti inatoka darini inawaambia kwamba kontena linaelea angani, mbali na dunia, na kwamba mmoja wao si mtu. Ni dude limevaa ngozi ya mtu. Maji yako kwenye pipa moja tu, na hayatoshi. Wamtafute asiye mtu, wamtoe.

Hivyo tu. Hawakuwa na fedha ya kutengeneza kitu kingine. Kontena lilikuwa kontena kweli, limepakwa rangi ya fedha, na penye rangi haba unaona kutu. Vitufe vya mitambo vilikuwa vizibo vya soda. Nilisimamisha picha nikavihesabu. Anga lenyewe lilikuwa kitambaa cheusi chenye matundu. Mahali pamoja mwanamke anapiga kelele za hofu na nyuma yake unaiona kandambili ya mtu anayeshika taa. Niliiangalia nyumbani peke yangu kwanza, kama ninavyofanya siku zote, nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Maana hata na vizibo vyake ilikuwa inatisha. Hapakuwa na mtu mbaya mle ndani, walikuwa watu wenye kiu tu, na kila baada ya muda wanamtazama mmoja wao kwa pamoja.

Kati ya wale sita yupo mmoja mrefu, mwembamba, mpole. Hasemi sana. Yupo pia mwenye tai, mnene, ambaye tai yake haikunjamani hata watu wakilala chini. Mwenye tai ndiye anayeanza kumnyooshea kidole yule mrefu. Mwisho wanamsukumia chumba cha nyuma na kufunga mlango wa chuma, na huko anagonga, anaomba, mpaka anakufa. Ndipo ngozi ya mwenye tai inapoanza kubanduka. Dude lilikuwa yeye. Yule mrefu alikuwa mtu, tangu mwanzo hadi mwisho alikuwa mtu.

Nataka ieleweke kwamba nililijua hilo kabla ya kushika maikrofoni.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, mabati yanachoma. Banda lilijaa vijana wa mashamba, watu wa bodaboda, Waorma wachache pia, na rafiki yangu benchi la tatu. Robo saa ya kwanza ilikuwa msiba. Hakuna anayepigana, hakuna gari, watu wamekaa ndani ya sanduku wanaulizana majina. Mmoja akapaza sauti, “Dijei, hii muvi imelala!” Wengine wakacheka, na hawakuwa wakinicheka kwa wema. Nikaona watatu wanainuka. Mtu asiyewahi kushika maikrofoni hajui uchungu wa mgongo wa mtu anayetoka. Nilitokwa na jasho la aibu, na hiyo ndiyo aibu niliyoikimbia, ile ndogo.

Yule mrefu alikuwa ndio kwanza anafungua mdomo. Anaomba maji kidogo kutoka kwenye pipa. Nikaisogeza maikrofoni nikasema, “Wenyewe! Mimi iko hapa.”

Banda lililipuka. Wale watatu wakarudi kukaa. Nikavuta pumzi pale pale anapovuta yeye. “Mimi na ng'ombe tu. Naomba njia.” Ng'ombe, ndani ya kontena, angani! Watu walipigana vibao vya mgongo. Rafiki yangu naye alicheka, sitasema uongo. Alicheka kwa sauti, akapiga paja lake, akawaambia walio karibu, “Hiyo ni mimi,” kama mjomba alivyosema siku zote. Laiti ningeishia hapo ingekuwa utani tu, na utani huku ndio chumvi ya ujirani.

Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na mimi ni wa nyumba ya wagema. Kila alipotokea yule mrefu, nilimpa sauti ile. Kisha mwenye tai akaanza kumshuku, nikampa mwenye tai sauti ya kijana wa shamba, ya mtu wa kwetu. “Huyu hatumjui! Huyu anamaliza maji!” Wakapiga makofi. Na walipomsukumia chumba cha nyuma na mlango wa chuma ukajifunga, nilihitaji neno la kuufunga nao. Maandishi ya chini yalisema tu kwamba mlango umefungwa. Mimi nikasema, “Malka imefungwa!”

Sijawahi kusikia kelele kama zile. Yule mrefu anagonga kwa ndani: “Wenyewe! Mimi iko hapa!” Na banda zima, si mimi tena, banda zima linamjibu: “Malka imefungwa!” Anagonga tena. Wanamjibu tena. Mle ndani ya picha mtu alikuwa anakufa kwa kiu, na sisi tulikuwa kama tuko harusini.

Nilimwona rafiki yangu akisimama. Alipita kwa adabu, “Samahani, samahani,” goti baada ya goti, mwanga wa nje ukaingia mara moja mlango ulipofunguka, ukafungwa. Nilimwona, na sikunyamaza.

Halafu ukaja mwisho, ngozi ya mwenye tai ikaanza kubanduka, na nikaingia matatani. Watu walishangaa. Kijana wao, aliyesema kwa sauti yao, ndiye dude? Nikasikia ule ukimya wa watu wanaotaka kukukasirikia. Ilikuwa nafasi yangu. Filamu yenyewe ilikuwa inanipa ukweli mkononi, bure. Nikapiga kelele, “Amemwambukiza! Yule mrefu alimwambukiza kabla mlango haujafungwa!” Wakashusha pumzi, wakapiga mluzi, wakaridhika. Wakataka irudiwe Jumamosi ya pili, nikairudia. Na ya tatu.

Maneno yakatoka bandani yakaanza kutembea kwa miguu yake. Mwendesha bodaboda akizibiwa njia, “Malka imefungwa!” Wasichana wakimkataa mvulana, hivyo hivyo. Hayo yalinifurahisha, kusema kweli; nilijiona mtu mkubwa. Kisha nikasikia wakiwapigia kelele hiyo akina mama wa Kiorma waliokuja na maziwa asubuhi. Mmoja, ambaye huwa ananiuzia, alinipimia maziwa yangu bila kuinua uso. Nilimwambia vijana wa siku hizi hawana adabu. Akasema, “Haya.” Nikaenda zangu na maziwa.

Wiki chache baadaye, saa tatu asubuhi, rafiki yangu alikuja nyumbani kwangu. Hakuwa amekanyaga bandani tangu siku ile. Nilitayarisha maneno ya kujitetea, lakini hakuitaja filamu kabisa.

“Ndugu,” akasema, “wameweka miiba kwa malka. Ile ya kando ya mama. Ng'ombe yangu siku ya tatu hapana kunywa. Hawa vijana nasikia mdomo yako. Kuja, sema nao.”

Nikamwambia, “Hilo ni dogo. Twende.” Nilisema kwa raha, kama mkubwa anayeombwa.

Nilimpakia kwenye pikipiki, nikamshusha walipokuwa ng'ombe wake karibu na shamba, nikamtangulia. Mdomoni mwa malka walikuwapo vijana saba hivi, watoto wa majirani zetu, na matawi ya mathenge, ule mti wa miiba mirefu, yamepangwa kuvuka njia mpaka kiunoni. Nawajua wote. Hawakuwa majambazi. Wiki ile ng'ombe wa mtu fulani, na hata wao walikubali si wa rafiki yangu, walikuwa wameingia kwenye mahindi ya mmoja wao wakamaliza mistari mingi. Walikuwa na hasira yenye sababu, ila walikuwa wameipeleka kwa mtu asiyehusika. Nikaanza vizuri. Niliwaambia kosa la mmoja halibebeshwi wote, nikawaambia mama yangu hajawahi kupoteza hata hindi moja kwa mtu huyu. Wawili wakaanza kutazama chini. Nadhani ilikuwa imebaki kidogo sana.

Rafiki yangu akawa amefika na ng'ombe wake, akasimama hatua kama kumi nyuma yangu, akaniachia kazi. Ng'ombe walikuwa wameshasikia harufu ya maji. Walikuwa wanasukumana, mbavu zote nje, na wanatoa ule mlio mdogo wa kuomba.

Mmoja wa vijana akatabasamu, akaniambia, “Dijei, tutafungua. Lakini tupe ile kwanza.”

“Ile gani?”

“Si unajua. Moja tu.”

Nimejiambia mara nyingi kwamba nilifanya kwa ajili ya ng'ombe. Kwamba yalikuwa makubaliano: sauti moja, miiba iondoke. Nimewaambia hata watu wengine hivyo. Si kweli. Walinitazama kwa zile nyuso za bandani, nyuso za watu wanaongoja, na mimi mbele ya nyuso hizo sina mfupa. Nilimsahau aliye nyuma yangu. La, sikumsahau, nilidhani atanisamehe. Nikaweka mikono mdomoni nikaita, “Wenyewe! Mimi iko hapa! Mimi na ng'ombe tu! Naomba njia!”

Na kutoka ndani ya mahindi, mbali kidogo, sauti ya mama ikajibu, “Pita, mwanangu!”

Walianguka chini kwa kicheko. Mmoja alikaa kabisa kwenye vumbi. Na mimi, sauti ile ilipokwisha kutoka, ulimi ulikuwa umezoea kwamba baada ya ombi linakuja jibu. Jumamosi tatu nilikuwa nimeyaunganisha mawili hayo. Nikajibu mwenyewe. “Malka imefungwa!” Wote saba wakaipokea, mikono juu. “Malka imefungwa!”

Nilipowaambia haya basi, fungueni, yule wa kwanza akafuta machozi ya kicheko akasema, “Aa, Dijei. Umesema mwenyewe.”

Niligeuka. Rafiki yangu alikuwa ameshaanza kuwageuza ng'ombe. Hawakutaka kugeuka, nani angetaka, maji yako pale? Akawapiga. Mtu huyu ambaye nimemwona akimbembeleza ndama kama mtoto, aliwapiga ng'ombe wake kwa fimbo usoni ili watoke mbele yetu. Hakunitazama. Wakaenda kuelekea malka ya chini, ambayo kwa miguu ya ng'ombe wenye kiu ni mwendo wa hadi jioni.

Mama akatokea na jembe begani, anatabasamu, anatafuta ng'ombe. Akaniona mimi. Akaiona miiba. Akauona mgongo wa rafiki yangu kwa mbali. Hakuna aliyemweleza kitu. Akaniambia, si kwa ukali, “Kwa hiyo nilikujibu wewe.”

“Mama, nilikuwa naongea nao.”

“Umemwombea njia kwa mdomo wake, ukamfungia kwa wako.”

Akalishusha jembe akaanza kuivuta miiba. Mzee wa umri wake, anavuta mathenge kwa jembe. Vijana walimtazama kidogo tu, kisha wakaona haya, wakaja kumsaidia, na kwa muda mfupi malka ilikuwa wazi mpaka majini. Ingewezekana tangu mwanzo. Ilihitaji mtu mmoja asiyetaka kuchekesha.

Pikipiki yangu ilikuwa pale pale, funguo mfukoni. Vumbi la ng'ombe wa rafiki yangu bado lilikuwa linaonekana. Ningemfikia kabla hajafika mbali, nimwambie njia iko wazi, rudi. Niliogopa uso wake. Nikawasha pikipiki nikarudi Garsen, na jioni ile nilitafsiri filamu ya ngumi kama kawaida.

Niliyajua yaliyofuata kwa yule mama wa maziwa, aliyenieleza akinipimia, kwa sauti ya kueleza bei. Ng'ombe watatu walilala njiani hawakuinuka tena. Mmoja alikuwa na ndama ananyonya.

Majuma mawili niliyapitisha nikijitafutia shughuli. Mama hakunisemesha zaidi ya salamu. Mwisho nilikwenda mwenyewe, mchana, mpaka kijijini kwao. Njia nzima nilikuwa napanga hotuba, maana kupanga maneno ndiyo kazi niliyoijua. Nilimkuta ameketi kivulini mwa nyumba yake anasokota kamba. Alinikaribisha. Mkewe akaleta chai ya maziwa, na nilipoonja nikafikiria yule ndama, nikameza kwa lazima kwa sababu kuirudisha lingekuwa tusi jingine.

Nikamwambia nimekosa. Hotuba yote ilinipotea. Nilisema nimekosa, tena na tena, kama mtoto. Alisokota kamba yake. Nilimwambia kiti chake bandani kipo, nikajisikia mpumbavu.

Baadaye akaniuliza, “Ile filamu. Mimi hapana ona mwisho. Ile dude ilikuwa nani?”

Nilitaka kufa. Nikajibu, “Yule mwenye tai.”

“Hapana yule mrefu?”

“Hapana. Yule mrefu alikuwa mtu.”

“Na wewe ulijua?”

“Nilijua. Niliiangalia kwanza.”

Akafikiri. Kama zamani, alivyokuwa akinisubiri filamu ikiisha. “Sasa hawa watu waliona tai nageuka dude. Wewe uliwaambia nini?”

“Niliwaambia mrefu alimwambukiza.”

Mikono yake iliacha kusokota. Alinitazama kwa mara ya kwanza siku ile, na sikuona hasira, ningefurahi kuiona. Aliniangalia kama anayejaribu kuelewa hesabu.

“Amekufa,” akasema polepole, “na bado makosa ni yake.”

Akaokota kamba. Chai ilipoisha nilimuuliza nifanye nini, na nilikuwa tayari kwa lolote, hata kumlipa ng'ombe kwa ng'ombe mpaka uzeeni. Hakutaka ng'ombe.

“Rudi, waambie,” akasema. “Mimi najua mimi ni mtu. Waambie hawa.”

Nikamwahidi. Nilishika mkono wake nikamwahidi, mkewe akiwa pale.

Viangazi vimepita tangu siku ile. Malka iko wazi, mama huifagia kwa mkono wake, na ng'ombe wa rafiki yangu hunywa kwenye malka ya chini. Nimeandika haya yote hapa kitabuni, ambamo hakuna hata mmoja wa watu wa bandani atakayeyasoma. Kila Jumamosi maikrofoni iko mkononi mwangu, mabenchi yamejaa, na wengi wao ni wale wale. Ni maneno ya nusu dakika tu, kabla filamu haijaanza. Bado sijawaambia.